Ming'oko Haikuwamo Kwenye Fomu

Wafanyabiashara binafsi walikuwa wameanza kuruhusiwa kununua korosho, na pale kijijini kwetu Chilangala kila mwenye panga alitaka kufyeka kichaka apande mikorosho. Ndipo akaja mtaalamu wa misitu kupima vichaka viwili vya kijiji na kushauri kipi kibaki. Mimi, mwalimu niliyekuwa likizo, niliombwa nimtafsirie Kimakonde.

Alikuwa mchapakazi. Alifunga kamba toka mti hadi mti, akapima kila shina, akaandika. Siku ya nne akatoa jibu mkutanoni: kichaka cha bondeni kina aina nyingi za miti, kibaki, cha juu kina chache, kifyekwe. Vijana wakapiga makofi.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, akaniambia, "Mwulize, ming'oko ameiandika wapi?"

Nikamweleza kwamba ming'oko ni viazi vya porini, na mmea wake hutambaa, shina jembamba kama uzi. Akapekua karatasi zake. Fomu ilitaka miti minene tu.

"Haimo, mama."

"Basi hukuhesabu kichaka. Umehesabu mbao."

Nilisita kumtafsiria mgeni maneno yale. Nikayatafsiri hivyo hivyo.

Asubuhi mtaalamu alikuja nyumbani mwenyewe. "Shikamoo, mama. Nipeleke."

"Marahaba. Chukua jembe."

Kichaka cha juu mama mkubwa alikijua kama jiko lake. Alichimba, akakata kiazi, akaacha kichwa ardhini na kukifukia ili kichipue tena. Alisema mwaka mahindi yalipokauka, watoto wake watano waliishi kwa hicho. Mtaalamu alipiga magoti, akachimba na yeye. Kisha akachora safu mpya kwenye fomu na kuuliza, "Nini kingine nimekiacha?"

Akabaki siku tatu zaidi. Wanawake walimwonyesha uyoga, fito za kujengea, mizizi ya dawa za watoto.

Mkutano wa pili alisimama mbele ya watu wale wale. "Hesabu yangu haikukosea," alisema. "Ila fomu ilikuwa imeshaamua chenye thamani kabla sijafika hapa. Nimebadili ushauri."

Vijana walinung'unika, wengine wakatoka. Mwishowe kichaka cha juu kikaachwa, nao vijana wakapewa ukingo wa kile cha bondeni wapande mikorosho.

Nimefundisha miaka mingi, na najua ilivyo vigumu kufuta jibu lako mwenyewe ubaoni. Yule bwana alilifuta hadharani, na mama mkubwa akamkaribisha chakula.