Bunduki Zisizokufa na Dirisha la Arlene

Saa mbili asubuhi, na taa za karakana bado zimezimwa. Arlene Pokorny hataki ziwashwe. Amesimama katikati ya chumba amevaa aproni ya ngozi, ameushika mtutu wa bunduki na kuuelekeza dirishani, jicho moja amelifumba.

"Atakayegusa swichi nitamkata kidole," anasema bila kugeuka.

"Kahawa yangu siioni, Arlie," analalamika Carmine Fusco, mchonga vitako vya bunduki, kutoka kwenye kona yake.

"Mdomo wako unajua ulipo. Peleka huko huko."

Kabla hajaushika mtutu huo aliifungua bunduki, akachungulia, akapitisha kidole kuhakikisha haina risasi, kisha akafanya ishara ya msalaba. Hufanya hivyo kwa kila bunduki. Wenzake waliacha kumtania kwa hilo miaka mingi iliyopita.

Kwenye kioo cha dirisha umechorwa mstari mweusi, kutoka upande huu hadi ule. Kivuli cha mstari huo huingia ndani ya mtutu na kulala humo kama nyuzi mbili. Nyuzi zikinyooka, mtutu umenyooka. Zikipinda hata kidogo, Arlene huuweka mtutu chini ya gurudumu kubwa la chuma, akalizungusha kuubana taratibu, akautoa, akautazama tena. Hiyo ndiyo kazi yake, kunyoosha mitutu kwa jicho, na mwanga wa taa humharibia.

Jumamosi ijayo msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa hapa Stedman Falls, kwenye bonde la mto Mohawk, jimbo la New York. Rafu zote zimejaa bunduki, na nyingine zimelazwa sakafuni juu ya mablanketi. Mwaka jana, wakati kama huu, Arlene, mwenye miaka sitini na mitatu, hakuwa na kazi. Binti yake Denise, anayeishi South Carolina, alikuwa ameshamtayarishia chumba na kumshonea mapazia.

"Ya maua," anasema Arlene. "Mazuri kabisa. Nilipoyaona kwenye picha nililia, na hayakuwa machozi ya furaha."

Kiwanda cha bunduki cha Wexcombe kilikuwepo hapa kabla reli haijafika. Babu yake Arlene alichochea moto kwenye matanuri yake, baba yake akatoboa mitutu, naye akaingia akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Fundi aliyempokea alimweka mbele ya dirisha wiki nzima bila kumruhusu aguse gurudumu. Kila alipouliza aanze lini, aliambiwa, "Wewe tazama."

King'ora cha kiwanda ndicho kilichouamsha mji, ndicho kilichowaambia kina mama waanze kupika. Kila kilipolia, mbwa walikiitikia. Siku ya mwisho kilipolia, mbwa waliitikia kama kawaida. Kesho yake, Arlene alimwona mbwa wa jirani amekaa uani na masikio juu, anangoja.

Kiwanda cha umri ule kinakufaje? Hapa mjini kila mtu ana mchawi wake.

Carmine, ambaye wote humwita Carm, anawataja matajiri wa mbali waliokinunua kwa mkopo, kisha deni wakalibandika kwenye kiwanda chenyewe. "Umenunua farasi," anasema, "halafu unamwambia farasi ajilipe mwenyewe, na wewe umempanda mgongoni!"

Duane Hathaway, fundi wa makomeo na springi, mtu wa maneno machache, anataja woga. Uchaguzi ukikaribia na watu wakisikia serikali itabana uuzaji wa bunduki, walikuwa wananunua mbili, tatu kwa mkupuo. Wakubwa wakadhani ndiyo biashara imekuja kukaa. Wakaajiri, wakakopa, wakaongeza mashine.

"Woga ukaisha," anasema Duane. "Mtu ana tatu mpya ndani ya kabati, hajazipiga hata mara moja. Ya nne ataipeleka wapi?"

Ghala likajaa, na benki haikutaka kusikia habari za ghala. Ili kupunguza gharama, chumba cha kunyoosha mitutu kikafungwa. Arlene akahamishiwa kwenye kufunga maboksi, dola kumi na saba kwa saa. Kuanzia hapo mitutu ikawa inatoka bila kupita kwenye jicho la mtu. Bunduki zilizoitwa Wexcombe zikaanza kurudishwa madukani, jambo ambalo baba yake asingeliamini.

"Hayo yote ni kweli," anasema Arlene. "Lakini na sisi tumo."

Maneno hayo aliyasema kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa parokia ya Mtakatifu Kasimiri, Ijumaa moja ya Kwaresima, watu wanakula samaki wa kukaanga. Meza nzima ilikuwa ya waliofukuzwa kazi, na kila mmoja alikuwa na wa kumlaumu. Arlene akaweka uma chini.

"Hebu nyoosheni mikono," akasema. "Nani hapa amewahi kununua Wexcombe mpya, dukani, kwa hela yake mwenyewe?"

Watu wakaangalia sahani zao.

"Ya babu bado inapiga vizuri," Duane akajitetea.

"Mimi nilinunua!" Carm akaruka.

"Wewe? Kutoka wapi?"

"Kwa shemeji yangu."

"Na shemeji yako aliipata wapi?"

"Kwa baba yake."

Ukumbi ukaangua kicheko mpaka padre akatoka jikoni na kitambaa cha sahani begani kuja kuona kuna nini. Maana kila mtu aliujua ukweli. Katika mji huu, anayenunua bunduki mpya wakati ya babu yake inaning'inia ukutani huchekwa kama anayenunua theluji. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa wawindaji wote wa bondeni. Wenyewe wanazidi kuzeeka, wanapungua mwaka hadi mwaka, lakini bunduki hazipungui.

"Tulitengeneza kitu kisichokufa," Arlene akasema kicheko kilipotulia, "halafu tukakaa kungoja watu warudi kununua kingine."

Njiani kurudi nyumbani wazo hilo halikumwacha. Kama bunduki hazifi, basi zinazeeka. Springi zinachoka, vitako vinapasuka, mitutu inapinda. Na kiwanda kilichokuwa kikizipokea kimefungwa. Zitapelekwa kwa nani?

Mwezi wa Mei mali za Wexcombe zilipigwa mnada. Mashine kubwa zilichukuliwa na watu wa majimbo mengine. Gurudumu la kunyooshea lilikuwa limetupwa pamoja na chuma chakavu, na Carm akambembeleza mnunuzi wa chakavu hadi mtu yule akasema, "Mzee, lichukue, ila unyamaze." Ndipo Arlene akanyoosha mkono.

"Nataka lile dirisha lenye mstari."

Mpiga mnada akavua miwani. "Mama, lile ni la jengo."

"Jengo si linabomolewa?"

"Linabomolewa."

"Basi mimi nataka dirisha."

Mpiga mnada akauliza kama yupo mwingine anayelitaka. Watu wakacheka. Likaenda kwa dola tano. Duane alilitoa pamoja na fremu yake, wakalifunga kwa mablanketi, wakalisafirisha nyuma ya gari kwa mwendo wa msafara wa mazishi, magari yakipiga honi nyuma yao. Arlene alikaa nalo huko nyuma, amelikumbatia.

Walilipachika kwenye ukuta unaotazama kaskazini wa karakana yao mpya ya kukarabati bunduki, jengo lililokuwa duka la jibini, ambako jua halipigi moja kwa moja. Mwenye nyumba aliwapa nafasi hadi msimu wa kulungu. Baada ya hapo kodi ilipwe au waondoke. Naye Arlene alimwahidi Denise kwamba mambo yakishindikana, atafungasha na kwenda South Carolina.

Leseni ya karakana ilitoka Julai. Wateja hawakutoka popote. Mtu wa kwanza kufungua mlango aliuliza kama jibini bado ipo.

"Agosti nilisali rozari zangu zote hapo kwenye kiti," anasema Arlene. "Carm alinisikia akadhani naongea na mteja, akatoka mbio."

Septemba aliingia Marjorie Vandeveer, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na Wexcombe ya marehemu baba yake. Bunduki hiyo ilikuwa kichekesho cha bonde zima kwa sababu hupiga kushoto. Marge alileta kazi hiyo kwa huruma tu, na hakuficha. Arlene akautazama mtutu dirishani.

"Iliwahi kuanguka?"

"Ilianguka kwenye trekta, mimi nikiwa mdogo. Baba akasema haina kitu."

"Ina kitu."

Kila Oktoba kikosi cha zimamoto cha kujitolea hufungua uwanja wake ili wawindaji wajaribu bunduki zao kwenye shabaha za karatasi kabla ya msimu. Siku hiyo Arlene alienda na meza ndogo na kibao cha karakana. Hadi saa sita hakuna aliyeisogelea meza. Zamu ya Marge ikafika.

"Jihadharini na miti ya kushoto!" akapaza sauti kapteni wa zimamoto. "Marge akilenga, misonobari inalia!"

Marge akalala, akapumua, akapiga. Kapteni akainua darubini.

"Katikati," akasema. "Bahati."

Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Kapteni akaona matundu matatu yamegusana katikati, akaishusha darubini.

"Marge, bunduki ya mzee umeifanyaje?"

"Usiniulize mimi." Marge akainuka akajipangusa magoti. "Muulize yule mwanamke mliyemwacha na meza yake tangu asubuhi."

Hapakuwa na makofi. Arlene alisikia milango ya magari tu, mmoja baada ya mwingine, watu wakirudi kuchukua zao. Walikuja nazo ndani ya mifuko ya gofu, ndani ya foronya, moja imefungwa kwa koti la harusi. Na kila mmoja alikuja na habari za aliyemwachia bunduki hiyo. Meza haikutosha, wakapanga mstari hadi kwenye gari la zimamoto. Carm alikimbia kwenda kuongeza vikaratasi vya majina vya kufunga kwenye bunduki, akarudi anatweta na kusema, "Arlie, jibini imekwisha, lakini sisi tumefungua!"

Sasa kodi imelipwa hadi Pasaka. Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, kila mmoja wa watatu hao alipata zaidi ya alichokuwa akilipwa Wexcombe siku za mwisho. Bunduki mpya hawatengenezi na hawafikirii kutengeneza. Arlene anataka, baada ya Krismasi, kumleta Rosalie Baum, aliyekuwa akizipaka bunduki dawa ya buluu ya kuzuia kutu kiwandani na sasa huendesha gari saa nzima kwenda kupakia mizigo kwenye ghala la mbali. Na anataka mtu wa kumfundisha jicho. "Wiki ya kwanza atatazama tu," anasema.

Mchana, wakila tambi za kuku na pilipili alizopika Carm, simu inaita. Ni Denise. Arlene anaiweka mezani na kuiwashia spika ili aendelee kula.

"Kwa hiyo Mama huji?"

"Nakuja Krismasi. Siku nne, halafu narudi. Kazi imenijaa, mwanangu."

"Na mapazia yako je?"

"Nipe, nitakuja nayo. Dirisha la bafu langu halina pazia."

"Yatundike hapa karakanani!" Carm anapiga kelele, mdomo umejaa. "Lile dirisha lipate heshima!"

Arlene anafuta mikono, anainuka, anachukua bunduki inayofuata. Anaifungua, anachungulia, anapitisha kidole, anafanya ishara ya msalaba.

"Denise," anasema, akiuinua mtutu kwenye mwanga, "mwambie huyo mzee kwamba hapa hata siku ya kunizika hapatundikwi kitambaa."