Noeli ya Tarehe Ishirini na Sita

Utotoni mwangu hapa Kisangani hakuna aliyeuliza kama Mwislamu anaruhusiwa kula Noeli. Swali lilikuwa moja tu: mbuzi wa Koko atachinjwa saa ngapi. Koko ni bibi yangu mzaa mama, mwanamke wa Isangi, Mkatoliki kiasi kwamba Ijumaa za Kwaresima hata paka wake hapewi nyama. Binti yake, yaani mama yangu, aliolewa na Mwislamu wa ukoo wa zamani wa mji huu, akavaa ushungi, akajifunza kuswali. Koko alilia wiki nzima, kisha akaweka sharti lake la amani: kila Noeli mkwe wake atavuka mto na kisu chake, aje kwake Lubunga, na yeye peke yake ndiye atakayechinja mbuzi. Hivyo wajukuu wote, wa msalaba na wa msikiti, wangekula chungu kimoja.

Na ndivyo tulivyokula miaka yote. Wajomba zangu, wakiwa bado na suti za misa, walimshika mbuzi miguu. Papa, yaani baba yangu, akasema Bismillahi, na Koko akaimba wimbo wa kanisani huku akimenya ndizi. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo misa yenyewe, na ile ya kanisani ni mazoezi.

Kisha tonton akarudi. Huyu ni mdogo wake papa, aliyekaa Kindu miaka kadhaa na kurudi na ndevu, vitabu vitatu na mtaji wa duka la nguo. Desemba ilipoanza alituketisha sebuleni, akatueleza kwamba anayekula Noeli anajifananisha na wasio wetu, na siku ya mwisho atafufuliwa upande wao. Papa hajawahi kubishana na mdogo wake, kwa sababu mdogo wake anajua Kiarabu kuliko yeye. Alikuna goti tu. Mama aliinuka kwenda jikoni, na sufuria zikaanza kugongana.

Wiki hiyohiyo, mlangoni pa duka la tonton zilining'inia gauni nyekundu za watoto, na spika ilipiga nyimbo za Noeli tangu asubuhi hadi umeme unakatika. Nilimuuliza mambo hayo yanapatanaje.

"Kuuzisha si kusherehekea," alisema. "Bon, mutu akikuya kununua robe ya mutoto, miye nimuulize catéchisme?"

Hapo ningecheka tu, nikaenda zangu. Lakini nilikuwa mwaka wa kwanza wa sheria chuoni, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria ni balaa nyumbani kwao. Nilidhani kila fundo la dunia lina kifungu chake cha kulifungulia. Basi jioni moja, papa na tonton wakiwa wamekaa, nikatoa hukumu yangu: tuvuke tarehe ishirini na sita.

"Papa, donc tuende le vingt-six. Ile siku haina jina. Le vingt-six, mbuzi iko mbuzi tu."

Tonton alipitisha vidole kwenye ndevu akitafuta kosa, hakuliona. Papa alinipiga bega akaniita Maître, kama wanavyoitwa mawakili, na uso wake ulilegea kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nikaanza kulitia: nguo mpya asivae mtu, "Joyeux Noël" asiseme mtu. Mama aliuliza jambo moja tu, na mama yake je? Nikamjibu kwamba Koko atakula Noeli yake na wajomba, na kesho yake atakula tena na sisi, kwa hiyo amepata faida. Nilijivunia sana jibu hilo. Papa alimpigia Koko simu, akatoka kwenda kuongea naye uani.

Tarehe ishirini na tano tulikula maharage. Wadogo zangu walikaa ukutani na nyuso za watu waliokamatwa bila kosa, wakisikiliza muziki wa majirani. Tonton alipita kutukagua. Jirani alipotuletea sahani ya mikate, yale maandazi ya mviringo ya kwetu, tonton alikula minne, akasema unga na mafuta havina dini.

Asubuhi iliyofuata tulipanda mtumbwi, tukavuka. Nilitembea mbele ya wote, maana ushindi ulikuwa wangu.

Uani kwa Koko mbuzi alikuwa amefungwa palepale, anatafuna jani. Hilo nililitarajia. Sikutarajia kuona kuni zimepangwa vilevile na chungu kikubwa kimefunikwa chini, kisafi, bila alama ya moto. Wajomba walikaa kwenye viti vyao bila kutusalimia. Nikamuuliza mjomba mkubwa jana walikula nini.

"Pondu," alisema, yaani kisamvu. "Pondu bila samaki. Jour de Noël. Tulipenda kuchinja kuku, mama yetu akakatala."

Na yeye Koko hata hiyo pondu hakuionja. Alirudi kutoka misa, akavua viatu, akakaa mkekani, akasema kinywa chake kitafunguka watoto wote wakifika. Kutwa nzima na usiku alikunywa chai tu, mwanamke ambaye magoti yake hayamfikishi tena sokoni. Tulimkuta amejiegemeza mlangoni, kitambaa chake cha Noeli bado kichwani, sauti imekuwa nyembamba.

Papa alichuchumaa mbele yake. "Mama, juu ya nini haukuacha bandugu zangu bachinje kuku, mukule?"

"Bokilo," alisema, ndivyo anavyomwita mkwe wake, "Noeli ya kukula na nusu ya batoto, ile haiko Noeli. Ile iko matanga." Hakusema kwa hasira. Kisha akaomba maji.

Papa yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimwomba radhi mtu yeyote, mke wake akiwemo, aliwazungukia wajomba mmoja mmoja akawaomba radhi. Ndipo wakainuka wakamshika mbuzi. Bismillahi yake ilitoka chini sana siku hiyo. Mimi nilipewa kazi ya kupuliza moto, nikashukuru, maana moshi unampa mtu sababu ya kufuta macho.

Tangu nimalize sheria watu huniuliza kama Mwislamu ana ruhusa ya kula Noeli. Nina hoja za upande huu na za upande ule, na ninaweza kuzitoa zote kabla chai haijapoa. Siku hiyo nilipuliza moto tu.

Nyama ilipoanza kuiva, Koko alichoma ini kwenye makaa. Kila mwaka ini lilikuwa la papa, haki ya mchinjaji. Safari hii aliliweka kwenye sahani akaniita mimi, akanishika mkono mbele ya wote.

"Papa yako alinielezea ku telefone," alisema. "Tonton yako alipenda bakatale kukuya kabisa. Ni weye ulisema bakuye. Bila weye, hata leo singeona mutu. Kamata, mutoto yangu. Kula."

Papa aliangalia chini. Alikuwa amemwambia hivyo kwa kunisifu, ile jioni niliyokuwa Maître. Ningeweza kusema: Koko, njaa yako ya jana niliitunga mimi, na nikapigwa bega kwa kuitunga. Maneno yalikuwepo, nilikuwa nikisomea maneno. Mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi, ananitazama, anangoja.

"Aksanti, Koko," nikasema, nikalila ini lote mbele yake.