Kioo cha Karani wa Mto Kizinga

Saa moja asubuhi, katika kibanda cha mabati kando ya Mto Kizinga, Temeke, Projestus Kamugisha anaikunjua karatasi iliyozungushwa kwenye pipa dogo la shaba. Kwa juma zima kalamu inayovutwa na boya imechora juu yake mstari mmoja, unaopanda na kushuka pamoja na maji. Kazi yake ni kuugeuza mstari huo kuwa tarakimu.

Makarani wengine husoma kwa nusu futi. Yeye aliazima almasi ya fundi vioo, akachora kipimo chake juu ya kioo cha kulaza juu ya karatasi, na kila inchi ya maji akaigawa mara nne.

“Karani, mwisho utahesabu jasho la samaki,” humtania Bakari, mlinzi wa kituo.

“Likiingia mtoni, bwana, nitaliandika.”

Aprili iliyopita utani ulikoma. Masika yaliposhika, tarakimu zake zilizidi kwa inchi nzima zile za ubao wa alama uliosimikwa majini. Mhandisi, mkuu wake, alimwambia mbele ya wenzake kwamba anabuni, akampa siku saba athibitishe tarakimu zake. Kazi ya shilingi mia na kumi kwa mwezi ilikuwa hatarini, na jina lake pia.

“Wenzangu walinishauri nisome kwa nusu futi, kosa lijifiche,” anasema. “Nilikataa. Kosa lililofichwa halijasahihishwa.”

Siku ya tano alilipata: karatasi hunywa unyevu wa masika na kutanuka, kioo hakitanuki. Tangu hapo, kila juma, huisogeza kalamu kwa mkono hadi futi sifuri, kisha futi kumi, ikiacha alama mbili. Nafasi iliyo kati ya alama hizo, ikipimwa kwa kioo, humwonyesha karatasi imetanuka kiasi gani, naye hupunguza kiasi hicho.

Siku ya saba mhandisi aliingia mtoni mwenyewe kusoma ubao, akarudi na matope magotini. Tarakimu zililingana.

“Sawasawa,” alisema, akatia sahihi.

Nyumbani, mkewe Auleria alikuwa amekwisha kufunga sanduku la safari ya kurudi kwao Bukoba. “Baba Demetria, sufuria nizitoe, au bado unapima?”

“Zitoe zote, mama.” Usiku ule, anakiri, alilala kama mtoto.

Sasa anachora kioo cha pili, inchi ikigawanywa mara nane. Ofisini ameomba jambo moja tu: masika yajayo wasimbadilishie aina ya karatasi.

“Hii,” anasema akiilaza mezani, “nimekwisha kuijua tabia yake.”