Maswali ya Wenye Databesi

Chepkurui wa Merigi aliandika fanksheni, kipande cha programu, ya kutafuta namba ya katikati kwenye orodha, kama ya kilo za majani chai yaliyochumwa, akaituma kwa watunzaji wa databesi ya bure inayotumiwa duniani kote, waiweke ndani.

Wakamrudishia maswali. Ikikosa namba inajibu nini? Umeijaribu vipi?

Akaona amekataliwa. Hakuwajibu, akarudi kuchuma chai, mpaka wakafunga ombi lake na kupokea la mtu mwingine.

Alipomsimulia baba yake, mzee Jonah, alicheka kwanza. "Wewe msichana! Tulipoenda kumposea kaka yako, si tuliulizwa hadi ukoo wa nyanya, tukarudishwa, tukaenda tena? Mtu hakuulizi hivyo kama hakutaki."

"Na majibu nilikuwa nayo, baba," Chepkurui akasema polepole, akimhamishia mwanawe mchanga titi la pili.