Maneno ya Mume Wangu Yaliyofungiwa Bajia

Majina yao wote nayakumbuka, wa ofisini na wa nyumbani, ila sitayataja. Waliokufa wamepumzika, na walio hai wana ndimi.

Mume wangu alikuwa mtunza maandishi ya kale katika ofisi moja ya mjini. Maisha yake yote aliandika makala moja tu, kwa Kizungu, juu ya vitabu vya waganga wa zamani vilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, pamoja na picha za kurasa zao. Ikachapwa katika jarida la wataalamu. Miaka ya tisini kompyuta zikaingia, jarida likaacha kuchapwa, na nakala zote zikachomwa uani mwa ofisi. Yake aliwahi kuichukua, akaiweka chini ya kitanda cha mke mwenzangu, maana chumba changu kikivuja.

Mwenzangu huyo akiuza bajia sokoni Darajani.

Siku moja mkuu mpya wa ofisi, kijana aliyesoma ng'ambo, akamletea salamu: makala za zamani zinatiwa kwenye kompyuta, dunia nzima izisome, kila aliyeandika alete yake. Mume wangu akapiga pasi kanzu, akainama chini ya kitanda. Akatoka na kitambaa cheupe kinachonukia udi. Ndani mna kurasa zenye picha za vile vitabu tu.

“Na nyengine?” akamuuliza mwenzangu.

“Zenye herufi za Msahafu nimezitunza, wallahi, sikuthubutu. Vile vizungu ndo nlivyofungia bajia. Ulitaka nifungie aya?”

“Aya gani! Hiyo dawa ya punda mwenye upele! Hivyo vizungu ndo mimi!”

“Basi ushaliwa, bwana. Na wateja wamesifu.”

Mimi nilicheka mpaka nkashika ukuta.

Akaenda nazo hivyo hivyo ofisini, nami nyuma yake. Akaeleza yaliyomfika. Kijana akazitia zile picha kwenye kompyuta, na chini yake akaandika: mwandishi hajulikani.

“Hajulikani vipi, nami niko mbele yako?”

“Lete ushahidi, mzee.”

“Ushahidi mmeuchoma nyie.”

“Na nyie mkala uliobaki. Sasa kila anayekuja na mdomo mtupu nimwandike?”

Akaita mwengine aingie. Mume wangu akabaki kitini, macho kwenye lile neno, mpaka yule aliyeitwa akamgusa bega.

“Mzee, nipishe nikae.”