Mtutu Mpya wa Bunduki ya Baba

Mwanangu, kuna siku moja ya mwaka wa 2007 ambayo nikiikumbuka hadi leo natamani kujificha. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu na nilijiona najua kila kitu. Nilikuwa nimekaa mbele ya fundi wa bunduki mjini Nakuru, Mzee Kartar, kalasinga ambaye baba alimwamini kuliko daktari wake. Mezani ilikuwa bunduki ya baba, ile ya kuvuta komeo kila unapotaka kupiga. Sote wawili, mimi na baba, tulikuwa na kibali chake, na kazi yake kwetu Subukia ilikuwa kulinda ndama dhidi ya chui na fisi wa msituni.

Komeo na kitako vilikuwa vizima, lakini mtutu ulikuwa umelika ndani, risasi inaenda inakotaka yenyewe. Sasa ukibadilisha mtutu, unapata nafasi ya kuchagua upya aina ya risasi. Hapo ndipo nilipopotelea. Nilikuwa nimeona kwenye jarida la wawindaji risasi nene kama kidole gumba, nikaitaka hiyo hiyo.

Mzee Kartar alivua miwani. "Kijana, chui ya Subukia iko na kilo ngapi?"

Nikacheka, nikamwambia nataka kitu cha nguvu.

"Hii ni ya nyati. Itakupiga teke mpaka meno ilie. Weka ile ya zamani, ama ndogo yake. Mzee wako ataweza hii?"

"Ni mimi nitapiga, si yeye."

"Na ukiwa hauko?"

Swali hilo nililijibu kwa kuangalia saa. Hakubishana nami tena. Kibali kilibadilishwa, mtutu ukafungwa, nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Baba aliijaribu mara moja tu, akajipapasa bega, akasema, "Ni nzuri." Baba hakuwa mtu wa kumkosoa mwanawe mbele ya majirani, nami nikafurahi kumwamini.

Uchaguzi wa Desemba ulipopita, ghasia zilinikuta kwa dada yangu, mtaa wa Free Area huko Nakuru. Barabara zikafungwa. Siku ya nne asubuhi mama akapiga simu analia. Chui alikuwa ameingia bandani wakati wa kukamua, na baba akakimbilia bunduki. Alijua itamuumiza, kwa hiyo akauma meno na kufumba macho kabla hajavuta triga. Risasi ikatoboa paa. Teke likamwangusha, likamvunja mfupa wa bega. Chui akaondoka na ndama bila haraka, kama mtu aliyetumwa sokoni.

Hospitalini hakukufikika. Baba alikaa siku sita na mfupa ule, amefungwa leso ya mama, nami siku zote sita nikawa nasikia sauti ya Mzee Kartar. Niliona aibu, mwanangu, na hofu ambayo sijawahi kuipata tena.

Bega lilipona vibaya. Baba hakukamua tena kwa mkono ule. Barabara zilipofunguka nilimrudishia fundi bunduki, nikingoja anisimange. Aliniuliza tu, "Mzee anaendelea aje?" Nikalia pale dukani, mwanaume mzima. Akatuwekea mtutu wa risasi ndogo ya kawaida, ambayo haikosekani dukani. Baba aliijaribu kwa bega la kushoto, akapiga debe palepale nilipoliweka.

"Hii naweza," akasema. Kisha akanitazama. "Mbona hukuniuliza tangu mwanzo?"

Nasikia sasa unataka kununua pampu ya maji ya shamba, ile kubwa yenye ngurumo. Sikukatazi. Ila wewe unafanya kazi mbali, Olkaria, na wa kuiwasha kila asubuhi ni mama yako. Nenda naye dukani. Mwache avute kamba ya kuiwasha mwenyewe, na usimtazame mwenye duka, mtazame yeye usoni. Akisema "ni nzuri" huku anajipapasa mkono, irudishe. Kifaa cha nyumbani mchagulie anayebaki nacho, hata kama wenzako watakucheka kwa udogo wake.

Mungu akuongezee riziki na miaka, akupe watu wasioogopa kukuuliza swali gumu, na moyo wa kulijibu. Na wako wote wawe salama, mwanangu, hata siku ambayo wewe hauko.