Uwanja Uliojifyeka Wenyewe

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, katika ile miaka ya hamsini, nilisimama mbele ya wazee wa baraza hapa Ifakara, kaptula yangu imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, nikawaambia kwamba uwanja wetu wa michezo hauhitaji tena mchango wa mtu yeyote. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma sekondari. Katika mambo yote ya kijinga niliyowahi kutamka, nami nimetamka mengi, hakuna lililozidi hilo. Nakueleza mwenyewe kwa sababu wengine wakikueleza wataongeza chumvi, na lenyewe lina chumvi ya kutosha.

Uwanja ulikuwa upande wa bondeni, chini kidogo ya nyumba yetu. Mavuno yakiisha, hapo ndipo mji ulipopumulia. Vijana walicheza mpira, jioni zilipigwa ngoma, na wazee walikaa kwenye banda la nyasi wakibishana juu ya magoli ambayo hata hawakuyaona vizuri. Upande wa mtoni palichimbwa mfereji mrefu, kina chake mtu mzima akisimama ndani humwoni. Sisi vijana tuliujua kama shimo la kupotezea mpira. Hatukuujua kwa kazi nyingine.

Uwanja wote huo uliendeshwa kwa mpunga. Kila nyumba, baada ya kuvuna, ilitoa kikapu kimoja, kikahifadhiwa ghalani kwa Mzee Otmar, aliyekuwa mkubwa wa mambo ya uwanja. Masika yalipoanza, mpunga huo ndio uliowalisha na kuwalipa wanaume walioacha mashamba yao siku chache kuja kufyeka majani na kuzibua. Kufyeka nilikuelewa. Kuzibua, sikuuliza wanazibua nini.

Mwaka ule nikafanywa mwangalizi wa uwanja. Nilidhani ni kwa ajili ya elimu yangu, mpaka nilipomsikia Mzee Otmar akimweleza mwenzake, "Huyu hata ukimfukuza kwa fimbo haendi shamba. Acha akae na uwanja." Alisema kweli. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa. Nikienda mpaka sokoni, huwa nawaza chai niliyoiacha mezani.

Sasa, wewe umezaliwa mji umejaa watu mwaka mzima, hujui masika ya wakati ule. Watu walihamia mashambani, wakalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, wakilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Waliondoka na watoto, kuku, mbwa na vyungu vyao. Milango ilifungwa kwa kamba. Asubuhi ulisikia matone yakidondoka kutoka kwenye mapaa ya watu ambao hawapo, nyumba baada ya nyumba, na ukikohoa, kikohozi chako kilikwenda mpaka mwisho wa mtaa kisirudi. Nyumbani kwetu nilibaki mimi peke yangu, na mtaani alibaki jirani yetu Mama Genoveva, aliyekuwa amejifungua karibuni.

Kazi yangu ilikuwa kwenda madunguni kuwaita wafyekaji. Njia ilikuwa matope mpaka magotini. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho mvua ikanyesha, nikamshukuru Mungu kwa siri. Nikawa nauangalia uwanja nikiwa nimekaa kwenye kigoda kibarazani, na nakiri niliuangalia kwa bidii sana.

Hivyo ndivyo nilivyoona majani yanapungua.

Mwanzoni yalikuwa yamefika kiunoni. Asubuhi moja ukungu ulipoinuka, sehemu ya karibu na goli la mtoni ilikuwa fupi, laini kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Baada ya siku chache ufupi ule ukafika katikati ya uwanja. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na sauti ya panga. Na jambo lililonitia baridi ni hili: mfyekaji yeyote huacha majani yake chini, yakauke, yanuke. Pale hapakuwa na hata jani moja lililolala. Aliyefyeka aliondoka nayo yote.

Nikajikaza, nikashuka alfajiri mpaka bandani, kwenye ardhi ngumu, sikuvuka pale. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya uwanja kama maziwa kwenye bakuli. Nikaita, "Hodi?" Sauti yangu ilitoka ndogo, ya mtu anayeomba kiberiti. Kitambo kidogo kikapita, kisha ndani ya ule weupe mtu akashusha pumzi, pumzi ndefu na nzito, kama anayetua mzigo kichwani. Kisha mwingine akashusha yake, mbali kidogo. Sikungoja wa tatu.

Tangu siku hiyo, kila jua lilipoelekea kuzama niliacha konzi ya unga kwenye kigae pale bandani. Nilisali rozari wakati wa kwenda, nikaisali tena wakati wa kurudi, nisije nikakosana na upande wowote. Asubuhi unga haukuwapo. Leo najua mvua na siafu wanatosha kumaliza unga, lakini siku zile sikutaka kujua.

Mama Genoveva akaniuliza akiwa amembeba mwanawe, "Wafyekaji wamekuja lini? Mbona sikuwaona?"

"Hawakuja, mama."

"Basi nani kafyeka?"

"Wenyewe wa zamani," nikamjibu, nikijifanya natania. "Waliochezea pale kabla yetu."

Hakucheka. Alifanya ishara ya msalaba, akamfunika mtoto uso kwa khanga, akaingia ndani. Na mimi, niliyeusema uongo ule nusu, nikauamini wote kwa kuwa mtu mwingine ameuogopa.

Ndipo likaja baraza, Jumapili moja baada ya misa, kabla ya Pasaka. Wanaume walitoka madunguni wakiwa na hasira, maana maji yalikuwa yamechukua miche na wengi walikosa mbegu. Nikaona nafasi ya kupendwa. Nikawaambia uwanja uko safi kuliko mwaka wowote, hakuna aliyelipwa hata punje, na kwamba mpunga wa mchango ugawanywe watu wakapande. Mmoja akauliza nani basi anautunza. Nikatabasamu, nikasema uwanja ule una wenyewe. Wakatazamana, wakaelewa nilichotaka waelewe. Hakuna aliyebisha. Mtu aliyekosa mbegu habishani na mizimu inayomrudishia mpunga.

Mzee Otmar peke yake ndiye aliyeuliza. "Kijana, umefika mferejini?"

"Nimefika, baba." Sikuwa nimefika.

"Na majani yaliyofyekwa, yako wapi?"

Mtu mmoja nyuma akadakia, "Mzee, sema tu ghala lako litabaki tupu!" Baraza zima likacheka, nami nikacheka nao, mjinga mwenye kaptula iliyonyooshwa.

Mzee hakukasirika. Alisema, "Haya, gawaneni. Lakini mpaka nitakapouona kwa macho yangu, mtu asikanyage pale kabla jua halijatoka, wala baada ya kuzama. Wewe mwangalizi, waambie watu." Nikaitikia. Sikumwambia mtu. Nilidhani ana kinyongo cha ghala.

Jumatatu ya Pasaka tulikuwa na mechi na vijana wa Lupiro, wanaovuka mto kwa mitumbwi. Watu walirudi kutoka mashambani, mji ukapata moshi tena. Mdogo wangu Skolastika, msichana wa miaka kama kumi na minne, ndiye aliyekuwa kiongozi wa nyimbo za wasichana. Alfajiri nikamsikia anachukua ufagio.

"Kaka, nakwenda kufagia banda na kufunga makuti. Hunisaidii?"

"Nakuja," nikamwambia, nikajifunika vizuri.

Nilikuwa nimelala nikitazama paa nilipoisikia ile pumzi. Safari hii haikuwa mbali, na ilinifikia mpaka kitandani. Mwanangu, mimi niliyekuwa nikiweka unga, niliyekuwa nimeshawazoea wale wasioonekana, mara ile niliona kwamba sijawahi kujiuliza wanataka nini. Nikatoka bila viatu.

Ukungu ulikuwa mzito, hata banda sikuliona. Nikaita, "Skola!" Akajibu kutoka mahali ambapo hakupaswa kuwa, chini kabisa, upande wa goli la mtoni, alikokwenda kufunga makuti.

"Kaka, usipige kelele. Kuna kitu hapa."

Nikaingia uwanjani. Ilikuwa mara ya kwanza masika yale mguu wangu kukanyaga majani yale, na hatua chache tu mguu ukazama kwenye shimo lenye maji, pana kama sahani, lenye alama za vidole vinne. Mbele yake lingine. Mtoto yeyote wa bonde hili, hata asiyejua kusoma, anaijua alama hiyo. Nami nilikuwa naiangalia kutoka kwenye kigoda.

Viboko. Hutoka majini giza likiingia, hula majani usiku kucha, hurudi mtoni kabla ya jua. Na kiboko anayerudi mtoni akikuta mtu kati yake na maji, hapishi.

Nilipotaka kupiga kelele, sauti ya Mzee Otmar ikatoka kwenye ukungu, upande wa kulia, taratibu kana kwamba anamwagiza mtu maji ya kunywa. Alikuwa amekuja kuuona uwanja kama alivyoahidi.

"Skola, mama, unanisikia?"

"Shikamoo, babu," akajibu. Hata pale, alisalimia.

"Marahaba. Usikimbie. Maji yapo nyuma yako, wao wanayataka. Njoo kwenye sauti yangu, polepole, waachie njia. Mimi nitaendelea kuongea. Sema, mwaka huu mtaimba wimbo gani?"

Akamtajia. Mzee akamwambia auimbe. Nikamsikia mdogo wangu akiimba kwa sauti inayotetemeka, ikisogea ndani ya ukungu, na pembeni yake kitu kikubwa kama nyumba kikasogea pia, kikasimama, kikashusha pumzi. Wimbo ukakatika. Mzee akasema, "Endelea." Ukaendelea. Mimi sikufanya lolote. Nilisimama na mguu wangu ndani ya lile shimo la maji.

Kisha goli la mtoni likavunjika, mlio mmoja mkavu, na ardhi ikatikisika kuelekea majini. Nilimkuta Skola ameshika shuka la Mzee kwa mikono miwili. Hakuwa na hata mkwaruzo.

Tulidhani kiboko alikuwa mmoja. Ukungu ulipoinuka, tukaziona njia zao. Zilipita kushoto kwa nyayo za mdogo wangu, zilipita kulia, moja ilikatiza nyayo zake nyuma tu baada ya yeye kupita. Alikuwa ametembea katikati ya kundi zima, akiimba, na hakuna aliyemgusa. Mpaka leo, amezeeka na ana wajukuu, Skola haimbi kukiwa na ukungu.

Mzee Otmar akanipeleka mferejini, kwa mara yangu ya kwanza masika yale. Hapakuwa na mfereji. Mafuriko ya mwanzo wa masika yalikuwa yameujaza matope, ukawa sawasawa na ardhi, njia nyeupe ya kuingilia. Akaniambia, "Waliochimba hapa walijua wanachokizuia. Kila masika tope linaingia, kila masika tunalitoa. Mchango haukuwa wa majani, kijana. Majani hata mbuzi angekula. Mchango ulikuwa wa kitu hiki usichokiona ukiwa umekaa." Akavua shati, akashika jembe, na mzee yule akiwa ameinama tope likimfika kifuani, ilinibidi nami niingie. Nilichimba wiki nzima ya Pasaka. Mpunga wa kumlipa mtu haukuwapo, watu walikuwa wameshaupanda.

Basi, mwanangu, nasikia umekuwa mjumbe wa kamati ya viwanja na bustani za mji, na wenzako wanataka kupunguza fungu lake kwa sababu bustani inapendeza na mabembea hayajavunjika. Usikubali upesi. Uliza kwanza kinachoifanya ipendeze, na nani anakilipia. Ukiletewa kiwanja kilichonawiri bila gharama, usishangilie, vaa viatu ushuke ukione, ufike mpaka kwenye mtaro wake na nguzo zake chini ya ardhi, kwa miguu yako, siyo ya msaidizi. Mjumbe mwenzako akiuliza swali linalowakera watu walioshiba matumaini, nyamaza umsikilize, wala usicheke na wengine. Na lile usilolielewa, usilibandike jina la kutisha ili watu waache kuuliza. Sema tu hujui. Fungu la matengenezo lipitishe kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna kilichoharibika. Mwaka huo hasa.

Mungu akujalie miguu isiyochoka kukagua na ulimi usioona aibu kusema sijui. Watoto watakaocheza kwenye viwanja vyako warudi nyumbani wote, wachafu na wenye njaa, kama watoto wanavyotakiwa kurudi.

Na ukiona maneno yangu ni marefu, mwenzangu mmoja aliyafupisha siku ile ile. Nilikuwa mferejini, tope mpaka shingoni, Mama Genoveva akaja na mtoto wake mgongoni, akasimama ukingoni akinitazama. Nilidhani atanipa pole. Akasema:

"Angekufa yule msichana, wewe ungetuambia mizimu imemchukua, na sisi tungekuamini."